Kukatwa kinyama hakusambazi saratani

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo lililomchelewesha mama yangu mdogo miezi saba. Halikuwa fedha wala umbali. Ni neno aliloambiwa na jirani kisimani: "Usikubali wakukate kinyama, saratani ikiguswa na chuma inasambaa." Kinyama ni kile kipande kidogo cha uvimbe ambacho daktari hukichukua ili kipimwe.

Wakati huo uvimbe kwenye titi ulikuwa kama punje ya mahindi. Alipokubali kwenda, umekuwa kama ndimu, na ngozi ya juu imekuwa na vishimo kama ganda la chungwa.

Maneno hayo nimeyasikia Kilosa, nimeyasikia kwenye daladala, hata kwa watu wenye shahada. Naelewa yanakotoka. Wagonjwa wetu wengi hufika hospitali wakiwa hatua ya tatu au ya nne, ugonjwa umeshaingia kwenye tezi za kwapani, au hata mapafu, ini na mifupa. Mtu anakatwa kinyama leo, baada ya miezi mitatu tunazika. Msibani nani atahesabu miaka miwili aliyokaa na uvimbe? Kinachokumbukwa ni kisu.

Kumbe kinyama kile ndicho kinachosema. Seli zilizoharibika vinasaba huacha kutii utaratibu wa mwili, zikazaana ovyo, lakini kwa kupapasa tu huwezi kuzitofautisha na vile vivimbe visivyo na madhara ambavyo wasichana wengi huwa navyo. Mtaalamu wa patholojia akikitazama kwenye hadubini ndipo anajua kama ni saratani, ya aina gani, kali kiasi gani, na kama inalishwa na homoni. Hilo la homoni ndilo linaloamua kama mgonjwa atapewa vidonge vya tamoxifen, vinavyoizuia homoni hiyo isiilishe saratani. Chukua watoto wenye uvimbe wa taya, ule alioueleza daktari Denis Burkitt akiwa Kampala mwaka 1958: huo tiba yake ni dripu za dawa, si kupasuliwa. Utaujuaje bila kupima? (Upo uvimbe mchache, kama wa korodani, ambao madaktari hawauchomi sindano kuchukua kinyama, wanautoa mzima. Kujua hilo ni kazi yao, si ya jirani.)

Ila majirani siwalaumu peke yao. Hospitali tuliyokwenda, mama mdogo alikatwa kinyama bila kuelezwa ni cha nini. Nikakabidhiwa kinyama ndani ya kikopo cha formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, kilichozungushiwa plasta, nikipeleke Dar es Salaam mwenyewe. Nilikipakata toka stendi ya Msamvu, nikishtuka kila tuta. Majibu yalichukua wiki sita. Kila jioni aliniuliza kama imeshaanza kusambaa, nami sina la kumwambia.

Daktari akishika kisu, atupe dakika tano: anakata kiasi gani, kinapimwa nini, majibu lini. Na ninyi wahariri, siku mkiandika habari za saratani, badala ya picha ya utepe wa pinki tuwekeeni karatasi ya majibu ya patholojia, muifafanue mstari kwa mstari.

Mama mdogo alitundikiwa dripu zake, akatolewa titi, akapigwa mionzi. Sasa anameza kidonge kila usiku. Yule jirani wa kisimani ana uvimbe shingoni tangu Ramadhani. Juzi alikuja nyumbani kuuliza kama kukatwa kinyama kunauma.

Msomaji wako,
Morogoro