Alama ya barabarani bila taa yake ni nusu alama

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini habari yenu juu ya watu wa Uingereza wanaookoa alama za zamani za barabarani zenye taa imenishinda kunyamazia. Mwandishi aliwaita waokota vyuma chakavu, kisha akasifu alama moja iliyong'olewa vifaa vyote vya ndani na kutiwa taa za LED. Huko si kuhifadhi.

Mimi nimefanya kazi ya umeme wa barabarani nchini humo hadi nilipostaafu. Tangu 1 Januari 1965 Uingereza ilipoanza kutumia alama mpya zilizotokana na kamati ya Worboys, iliyoundwa na serikali kuzipanga upya alama za barabarani, zile za kale, kama ya shule yenye mchoro wa mwenge, zilianza kuondolewa. Kanuni za 2016 zikapunguza ulazima wa kuziwekea alama taa, kwa kuwa nyuso za kisasa hurudisha mwanga wa gari lenyewe. Hilo sina ugomvi nalo.

Ugomvi wangu ni jinsi zinavyoshushwa. Mwaka uliofuata kanuni hizo tulitumwa kuondoa alama ya boksi, ile inayowaka kwa ndani. Plastiki yake ilikuwa imegeuka manjano, lakini ndani tulikuta tyubu ya taa, choki (koili inayodhibiti umeme wa tyubu) na stata (kiwashio chake) vikiwa kamili, pamoja na kikaratasi ambacho mafundi waliotangulia walikuwa wakiandika tarehe kila walipobadilisha tyubu. Nilimwomba msimamizi aniruhusu niichukue, nikaahidi hata kuilipia. Akajibu kwamba ni mali ya halmashauri, kisha mali hiyo hiyo ikarushwa ndani ya kontena la taka mbele ya macho yangu, plastiki ikapasuka, na kile kikaratasi, ambacho tarehe zake hazikuandikwa popote pengine, kikalowa mvua na kuharibika. Niliporudi jioni kontena lilikuwa limekwisha kuchukuliwa. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Yale yale yanazipata taa za barabarani za sodiamu za shinikizo la chini, zenye mwanga wa manjano iliyokolea. Chini ya mwanga ule rangi nyekundu huonekana kahawia au karibu nyeusi, kwa hiyo alama ya hatari ilihitaji mwanga wake yenyewe mweupe ili wekundu wake uonekane. Tukiitupa taa ya alama na kubadilisha ile ya barabarani, nani ataelewa kwa nini alama ile iliwashwa?

Naomba kila halmashauri, kabla ya kutupa, iweke kando alama moja ya kila aina ikiwa na tyubu, choki, nusu mita ya waya na mita moja ya nguzo, iifungie kibandiko chenye jina la barabara, na kuitunza mahali pakavu kwa siku 60 ili wanaotaka kuihifadhi waje. Nanyi wenye kuzikarabati, kapasita kuukuu (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme) inayoshukiwa kuwa na PCB, yaani kemikali yenye sumu, mpeni mtaalamu aiondoe. Choki iacheni mahali pake, hata kama haitawashwa tena.

Fundi umeme mstaafu,
Leicester, Uingereza