Barua kwa Juma kuhusu utafiti wa steroidi

Ndugu yangu Juma,

Hujambo? Barua yako nimeisoma na kuirudia. Unasema utafiti kuhusu madhara ya muda mrefu ya steroidi, hizi dawa za kukuza misuli unazotumia, ni dhaifu, kwa hiyo watu wanatishwa bure. Kuhusu udhaifu nakubaliana nawe. Hitimisho lako ndilo linaloninyima usingizi.

Udhaifu huo una sababu. Mwaka 1996 mtafiti Bhasin na wenzake waliwadunga wanaume miligramu 600 za testosteroni, homoni ya kiume ambayo steroidi hizi huiiga, kila wiki kwa wiki 10, na misuli ikakua kweli. Lakini kamati gani ya maadili itaruhusu watu wadungwe dawa tatu kwa pamoja, miaka nenda miaka rudi, ili ionekane nani atakufa? Watafiti wanabaki kuwafuatilia waliojiamulia wenyewe, na hapo mambo huchanganyika: huyu anatumia na dawa nyingine, yule dozi zake anazikisia, na kilichomo ndani ya chupa ya magendo mara nyingi sicho kilichoandikwa nje.

Wataalamu nao walijiharibia. Mwaka 1977 Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani kilitamka kwamba hakuna ushahidi thabiti kuwa dawa hizi zinamsaidia mwanamichezo, wakati wanyanyua vyuma walikuwa wakijiona wanavyotanuka. Tamko lilikuja kubadilishwa, ila imani ilishapotea. Ndiyo maana siwalaumu wenzako wa jimu wanapopuuza maonyo ya daktari.

Hata hivyo, utazame ule utafiti wa Denmark wa 2019. Wanaume 545 waliogundulika na steroidi walipopimwa jimu walilinganishwa na wengine 5,450 wa umri wao. Vifo vilikuwa mara tatu zaidi. Mtindo wa maisha huenda ulichangia, sikatai, lakini hayo hayakutegemea kumbukumbu ya mtu: ni majibu ya maabara na rejesta ya vifo.

Halafu kuna utafiti wa moyo wa Baggish na wenzake, 2017: wanaume 140, wote wanyanyua vyuma wa miaka mingi. Kwa kila pigo, moyo wa watumiaji ulisukuma nje asilimia 52 ya damu iliyoujaza. Wa wasiotumia, 63. Walipimwa mara moja tu, na huo ni upungufu. Lakini miongoni mwa watumiaji, waliokuwa wanaendelea walikuwa na 49, waliosimama 58. Tofauti hiyo ndiyo inayonipa matumaini juu yako.

Umeandika, kama jambo la kupita tu, kwamba ngazi zinakukata pumzi siku hizi. Juma, mtu wa mazoezi kama wewe! Nenda upime presha, lehemu (kolesteroli), wingi wa damu, na moyo kwa ekokadiogramu, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Mtajie daktari kila dawa na kila dozi, usipunguze hata moja. Na usiache kimyakimya peke yako, maana homoni za mwili huchukua miezi kurudi, na kipindi hicho huzuni huwaelemea wengi.

Ukipangiwa siku, niambie. Nitakuja twende wote.

Wako,
Salum