Noti yangu haikuwa feki, ilifuliwa tu

Ndugu Mhariri, naomba kanafasi niongee na mawakala wa pesa za simu, maana wiki iliyopita nimeumbuka hadharani bila kosa.

Ilikuwa hivi. Suruali yangu ilifuliwa na elfu kumi mfukoni, imelowekwa kwenye sabuni ya unga usiku kucha, mi nakuja kuitoa noti ishakauka vizuri tu, hata haijachanika. Jioni nikaenda kuweka hela, dada wakala akaipitisha chini ya kile kitaa cha zambarau, weee, ikawaka yote kama tyubulaiti. "Kaka, hii feki." Foleni nzima ikanigeukia, jamaa mmoja nyuma yangu akashika mfuko wake kabisa, sijui alidhani ufeki unaambukiza.

Sasa dada zangu na kaka zangu, kile kitaa kinatoa mionzi ya urujuanimno ambayo macho yetu hayaioni. Noti inatengenezwa kwa nyuzi za pamba zisizo na dawa ya weupe, ndo maana chini ya taa karatasi yake inabaki imefifia, zinazowaka ni zile alama zilizowekwa makusudi tu. Karatasi ya fotokopi inayo hiyo dawa, inameza mionzi na kuitoa tena ikiwa mwanga wa bluu, kwa hiyo noti iliyoprintiwa vichochoroni inajitangaza yenyewe. Hapo taa inafanya kazi, sibishi. Ila dawa za aina hiyohiyo ndo zimo kwenye sabuni za unga! Ndo zinafanya shati lionekane jeupe pee juani, na ukiingia disko kwenye zile taa za zambarau unawaka kifua kizima. Noti ikilala humo inatoka nazo. (Hata nge anawaka chini ya taa hiyo, na hajafuliwa na mtu.)

Kinachonitisha zaidi ni kinyume chake, mjanja akipata karatasi isiyo na dawa, noti yake inapita kwenye taa kimyakimya na hasara inabaki kwako wakala, we umeamini taa. Papasa kwanza kwa vidole, noti ya kweli ina maandishi yenye mikwaruzo, kisha inyanyue kwenye mwanga uone kivuli cha kichwa cha Mwalimu Nyerere ndani ya karatasi na ule uzi, taa iwe ya mwisho.

Kesho yake niliipeleka benki, keshia akaipapasa, akainyanyua, akapokea, hata dakika haikuisha. Nikarudi kwa yule dada nikamwomba amulike kola ya blauzi yake nyeupe. Ikawaka vilevile. Alicheka sana, lakini mpaka leo hela zangu anazikagua mara mbili.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam