Jumamosi tunaanza kitabu cha tano

Wazazi na walezi, habari za jioni.

Jumamosi hii saa 4 asubuhi tunaanza kujadili na watoto kitabu cha tano cha Harry Potter, The Order of the Phoenix. Tukutane nje ya Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Wa Kimara, pandeni mwendokasi mapema.

Kitabu ni kinene. Cha kwanza kilikuwa na sura 17, hiki kina 38, kwa hiyo msiwasukume watoto. Wafike sura ya 13 tu. Hapo ndipo mwalimu Umbridge anapomwadhibu Harry kwa kumwandikisha sentensi ileile kwa kalamu inayomchana mkononi, na wino ni damu yake mwenyewe. Mwanangu alifunga kitabu, akaniuliza kwa nini Harry hakumwambia mtu mzima. Tuliongea mpaka chakula kikapoa. Nataka tuanzie hapo, na nawaomba msiwajibie nyumbani; waje na swali likiwa bado bichi.

Harry humu ana miaka 15, ana hasira, anawafokea hata rafiki zake. Kuna watakaosema hawampendi tena. Waacheni waseme. Mimi naona hapa ndipo mwandishi alipowaheshimu zaidi wasomaji wake, hakuwaficha kwamba kukua kunauma.

Nakala ni chache, majirani wasome kwa zamu. Aliyekwisha kumaliza, tafadhali usitoboe siri ya mwisho humu. Kila mtoto aje na maji ya kunywa.