Tenki la lita 5,000 ni bei gani? Tupe kwanza vipimo vya nafasi

Swali hili linaingia karibu kila siku kwenye simu ya karakana yetu hapa Vingunguti: “Fundi, tenki la dizeli la lita 5,000 shilingi ngapi?” Tukiuliza litakaa wapi, wapo wanaodhani tunazungusha maneno ili tupandishe bei. Wala. Lita zinatuambia ujazo tu, na sisi tunanunua chuma kwa eneo.

Lita 5,000 ni mita za ujazo 5. Tuseme una uwanja wa kutosha Goba, tukakutengenezea tenki la kusimama lenye kipenyo cha mita 1.8. Nusu ya kipenyo ni 0.9, zidisha kwa yenyewe, kisha kwa 3.14, unapata kitako cha mita za mraba 2.54. Gawa 5 kwa hiyo: kimo ni kama mita 1.97. Sasa chuma. Ubavu ukiukunjua ni mstatili tu, urefu wake ni mzingo (1.8 × 3.14 = 5.65) na upana wake ni kimo, yaani mita za mraba 11.1. Ongeza kitako na mfuniko, jumla 16.2.

Mwenzako wa Kariakoo ana uchochoro, kipenyo hakiwezi kuzidi mita 1.2. Lita ni zile zile, lakini tenki linapanda hadi mita 4.4 na kula mita za mraba 18.9 za chuma. Tofauti inakaribia shiti nzima ya futi 4 kwa 8, na hapo bado rangi na vyuma vya kulizuia lisiyumbe. Chuma kinatumika kidogo zaidi kimo kikilingana na kipenyo.

Hesabu ya daftari haioni vipande vinavyobaki, na hapo ndipo hela inapopotelea. Mduara ukikatwa kwenye mraba, zaidi ya sehemu moja ya tano inabaki chakavu. Kwa hiyo kama hung’ang’anii lita 5,000 kamili, tunakushauri shiti iamue: ubavu uwe wa shiti nne zilizolazwa, mbili chini, mbili juu yake, mzingo mita 4.88, kimo 2.44. Ubavu haupotezi kitu, na ndani zinaingia kama lita 4,600. Mabati ya zinki usituletee, hata ukiyapata bei ya kutupa. Zinki na dizeli havipatani.

Ukitaka kuongeza ujazo, kumbuka kwamba kimo kikizidishwa mara mbili lita zinakuwa mara mbili, ila kipenyo kikizidishwa mara mbili zinakuwa mara nne. Na kama tayari una tenki, usihangaike kutafuta katikati yake. Lizungushie futikamba, gawa kwa 3.14, unapata kipenyo.

Tenki la kulaza lina ujanja wake. Kijiti cha kupimia mafuta kikilowa hadi robo ya kipenyo, wengi wanahesabu robo ya mafuta, lita 1,250. Kumbe zimo kama 980 tu, kwa sababu chini ni kwembamba. Jenereta linazima usiku na mlinzi anashukiwa kuiba. Ndiyo maana kila tenki la kulaza tunalitoa na kijiti chake kilichochorwa lita. Usimwazime jirani, labda tenki lake liwe na vipimo kama vya lako.