Si "urani ya Afrika", ni ya Shinkolobwe

Bwana Mhariri,

Mara ya mwisho niliwaandikia mwaka 1997, kuhusu mishahara ya walimu. Tangu hapo nimekuwa nikisoma gazeti lenu na kunyamaza. Safari hii nimeshindwa.

Ile habari yenu ya akina mama wa St. Louis kule Marekani, waliopigania uchafu wa mionzi uondolewe mtaani kwao, niliisoma mara mbili. Mliwasifu, na wanastahili. Halafu mwishoni kabisa, katika sentensi moja, mkaandika kwamba uchafu huo ulitokana na "urani iliyoletwa kutoka Afrika", yaani yale madini yenye mionzi yanayotengenezewa mabomu. Afrika ipi, Bwana Mhariri? Gazeti linatoka Lubumbashi. Mtu akipanda basi asubuhi anafika Likasi kabla ya saa sita, na Shinkolobwe iko pale nyuma ya Likasi. Mahali hapo pana jina. Mimi nimezaliwa hapo, mwaka 1951, katika kambi ya wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji.

Baba yangu alikuwa mchambuzi wa mawe: jiwe zito huku, jiwe jepesi kule, kwa mikono. Waliomtangulia katika kazi hiyo ndio waliotoa yale mawe ambayo Edgar Sengier, mkubwa wa kampuni, aliamuru yapelekwe New York mwaka 1940, zaidi ya tani 1,000 ndani ya mapipa. Yakawekwa ghalani Staten Island hadi jeshi la Marekani lilipoyanunua mwaka 1942. Mengine yalikuwa na oksidi ya urani hadi asilimia 65, wakati migodi ya kwao ilikuwa ikihangaika na mawe yasiyofika hata asilimia 1. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka katika shimo letu. Mawe hayo yalisafishwa St. Louis, katika kiwanda cha Mallinckrodt. Masalia yakarundikwa karibu na uwanja wa ndege, mvua ikayapeleka kwenye kijito cha Coldwater ambamo watoto walikuwa wakicheza, na mwaka 1973 mengine yakatupwa katika jalala la West Lake. Kwa hiyo wale akina mama na mimi tumekulia kwenye udongo mmoja, wao kwenye makapi na mimi kwenye shina.

Tofauti ni kilichofuata. Wao waliandika nyumba kwa nyumba nani anaumwa nini, wakapeleka karatasi zao mpaka Washington, wakarudi, wakapeleka tena. Julai 2025 sheria ya fidia ikawaingiza: mwenye saratani iliyotajwa, aliyekaa maeneo hayo kwa muda uliowekwa, anaweza kudai dola 50,000. Kabla yao walikuwepo watu wa Fernald, Ohio, ambako masalia ya mawe yetu yaliwekwa katika maghala mawili ya zege. Mwaka 1984 waligundua kwamba visima vyao vina urani, wakaenda mahakamani, na mwaka 1989 serikali yao ikakubali kutoa dola milioni 78. Yale masalia yenyewe yaliondolewa, yakasafirishwa hadi Texas. Siwaonei wivu. Nauliza tu, shimo lenyewe nani amelisafisha? Mwaka 1960 midomo ya mgodi ilizibwa kwa zege, na baadaye vijana wetu wakafukua pembeni wakitafuta kobalti, madini ya kutengenezea betri. Julai 2004 udongo ukawaangukia, wakafa wanane. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaja wakapima, wakaondoka, na pale Likasi sijakutana na mtu hata mmoja aliyesomewa matokeo hayo kwa Kiswahili. Kijiji kilibomolewa, watu wakatawanyika, na hiyo ndiyo ikawa dawa. Mwaka 2007 madini yenye mionzi yaliyokamatwa, yaliyotakiwa kurudishwa Shinkolobwe, yakamwagwa katika mto Mura, na maji ya mto huo ndiyo yanayonywewa Likasi. Ninyi wenyewe mliandika habari hiyo. Mliifuata kwa siku ngapi?

Sasa niwaeleze jambo langu. Baba alipohama alikuja na jiwe moja. Lina ukubwa wa ngumi mbili, jeusi kama lami, na upande mmoja lina ukoko wa njano wa unga-unga kama kiini cha yai kilichokaukia kwenye sahani. Ukilinyanyua mkono unashuka, maana uzito wake unazidi ulioutegemea. Mama alizuia nalo mlango usipigwe na upepo. Tulipocheza harusi, dada yangu mdogo alijipaka ule unga wa njano mashavuni. Hakuna aliyetukataza, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia baba lolote. Baba alikufa mwaka 1979 akikohoa. Sisemi ni urani iliyomwua. Hakuna aliyempima, ndilo ninalosema. Mwaka 2012, baada ya kusikia mengi redioni, nililitia jiwe hilo ndani ya sufuria yenye kifuniko, nikaizungushia gunia, nikalipeleka kwenye ofisi moja ya serikali hapa mjini inayohusika na mambo hayo. Kijana mmoja akaja na kipima mionzi. Kabla hajafunua vizuri, chombo kikaanza kulia mfululizo kama mahindi yanapopasuka jikoni. Akaruka hadi ukumbini na kunipigia kelele akiwa huko: "Papa, tosha hii libwe hapa!", yaani niliondoe jiwe hilo. Nikamwuliza nilipeleke wapi. Mkubwa wake akasema niandike barua, nakala tatu, niambatanishe kitambulisho, na niongeze dola 40 za mafuta ya gari litakalokuja kulichukua. Nilileta barua na zile dola 40. Nikaambiwa aliyepaswa kutia sahihi yuko Kinshasa. Nilirudi baada ya mwezi, bado yuko Kinshasa. Mara ya tatu yule kijana alikuwa amehamishwa, na barua yangu haikuonekana. Lakini kinachoniuma zaidi ni siku ile ya kwanza. Nilirudi nyumbani kwa basi, sufuria magotini, na pembeni yangu alikaa mama mjamzito. Nilitaka kumwambia asogee, nikaogopa watu wataniteremsha njiani. Nikanyamaza hadi Katuba. Mtoto yule sasa angekuwa shuleni, na mimi mpaka leo najiuliza.

Na ikiwa jiwe moja linafukuzwa ofisini, mbona malori yanapita? Simameni barabara ya Likasi saa kumi na mbili jioni. Matrela ya madini yanashuka kutoka migodi ya Kolwezi kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, turubai zimechanika, vumbi linatua kwenye sombe na samaki za akina mama wanaouza kando ya njia. Kila penye shimo barabarani linadondoka jiwe, na watoto wanaliwahi ili waliuze kwenye depo za wanunuzi wa madini. Mwaka 2018 kampuni moja kubwa ya Kolwezi ilisimamisha kusafirisha kobalti yake nje kwa sababu ilikutwa na urani kupita kiwango. Mnunuzi wa ng'ambo analindwa. Yule mtoto anayeokota pale barabarani je?

Ninachotaka ni hiki. Pale kwenye kizuizi cha malipo cha barabara ya Likasi kiwekwe kipima mionzi kimoja na ubao mweusi kama wa darasani. Kila asubuhi namba iandikwe kwa chaki, kubwa, mtu aisome akiwa ndani ya basi. Redio iisome kwa Kiswahili mara tu baada ya matangazo ya vifo, kwa sababu saa hiyo kila nyumba inasikiliza. Nanyi muichapishe kila Jumamosi pembeni ya bei ya unga. Kwa upande wangu nina daftari lenye majina 43 ya watoto wa kambi tuliokua pamoja, na mbele ya kila jina nimeandika alipo, au alipofia na alivyougua. Majina 19 bado hayana maelezo. Aliyezaliwa Shinkolobwe kabla ya 1960, au mwanawe, aache ujumbe ofisini kwenu, nami nitapita kuuchukua.

Jiwe lipo. Nimelizika uani chini ya mwembe, kina cha mita moja, na juu nimepanga matofali manane ya saruji. Wajukuu wamekatazwa kufika pale, na maembe ya mti ule hatuli. Mwenye chombo na gari aje alichukue siku yoyote, isipokuwa Jumapili asubuhi. Barua nakala tatu nimeshaziandika upya.

Mwalimu mstaafu,
Katuba, Lubumbashi