Cheti kimekuja, mgonjwa bado

Mhariri,

Mimi ni muuguzi. Juzi nilimaliza kozi ya afya ya akili mtandaoni, kwa simu, usiku baada ya zamu. Swali la mwisho nilikosea mara mbili. Mara ya tatu nikabahatisha, na cheti kikaja palepale. Nilicheka, kisha nikaona aibu.

Sisemi mafunzo hayo hayana maana. Kozi yenyewe ilifuata mwongozo wa mhGAP, ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa mwaka 2010 kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa kama mimi. Humo nilijifunza kwamba kumuuliza mgonjwa waziwazi kama anawaza kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kusema. Lakini kulitamka swali hilo mbele ya mtu aliyeinama, anayekunjakunja ncha ya nguo yake, kazi ipo. Mimi koo lilinikauka. Hapo panataka mazoezi ya ana kwa ana na msimamizi wa kukusahihisha, si kubofya tu.

Na umma je? Wengi wameachiwa video za dakika moja zinazodai kila anayesahau funguo ni mgonjwa. Hata dodoso la PHQ-9 la dalili za sonona, lenye maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, ni la kuchuja tu, halithibitishi ugonjwa. Anayeliweka mtandaoni aliseme hilo mwanzoni, kwa herufi kubwa, na amwonyeshe mtu pa kwenda akishajibu.

Muuguzi wa zamu ya usiku